Mkanda wa Zamani Ndani ya Video ya Leo

Ukitaka kumjua mhariri wa filamu aliyeiva, mpe mkanda wa Super 8 wa familia pamoja na video ya leo, umwambie aviunganishe. Mkanda huo, uliotolewa na Kodak mwaka 1965, kwa kawaida hupigwa fremu 18 kwa sekunde. Video nyingi za kwetu huenda fremu 25. Zikipangwa fremu kwa fremu, bibi anayejikongoja uani ataonekana anakimbizwa. Basi kila sekunde hudai fremu 7 za ziada, na mhariri hurudia baadhi ya zilizopo, akizitawanya ili jicho lisizikamate. Kompyuta yaweza kubuni fremu za katikati, lakini mkono unaopunga huweza kutoka na ukungu kwenye vidole. Aliyeiva huvumilia kule kusitasita kidogo kwa mwendo.

Halafu kuna umbo. Picha ya mkanda ni 4:3, kioo cha leo ni 16:9. Kuitanua hadi ijaze kioo ni kukata robo nzima ya kimo chake, na katika filamu za nyumbani robo hiyo mara nyingi ndiyo yenye paji la uso la mtu, kwa kuwa aliyeshika kamera alikuwa baba wa nyumba tu. Heri pembeni pabaki peusi. Chembechembe za mkanda nazo ziachwe. Zikilainishwa mno, uso hugeuka plastiki.

Kazi ninayoirudia kuitazama ni *Stories We Tell*, filamu ya Sarah Polley wa Kanada ya mwaka 2012, iliyohaririwa na Michael Munn. Mna mahojiano ya leo na ndugu zake, mna mikanda ya Super 8 ya familia, na mna mikanda mipya ya Super 8 iliyopigwa na Iris Ng, waigizaji wakicheza maisha ya mama yake, Diane, aliyefariki mwaka 1990. Watazamaji wengi huichukua yote kuwa ya zamani, mpaka filamu yenyewe inapomwonyesha Polley akiwaelekeza waigizaji. Linaloshikilia yote ni sauti. Baba yake Polley, Michael, anasoma studioni kumbukumbu alizoziandika mwenyewe, na sauti hiyo safi ya leo inapita juu ya picha zilizo bubu. Munn hakujaribu kuzifanya picha hizo zifanane na mahojiano. Uzee wa picha hizo ndio uliobeba hadithi, na kwangu huo ndio uhariri bora kabisa wa aina hii.

Wewe mwenye mikanda kabatini, ipeleke ikaskaniwe mapema. Omba faili lenye fremu zote, lisilokatwa wala kulainishwa, na mkanda wenyewe usiutupe.