Luteni Anayerudi Mlangoni

Ameshaaga, ameshatoka. Mwenye nyumba anashusha pumzi na kunyoosha mkono kwenye glasi yake. Mara mlango unafunguliwa nusu, kichwa chenye nywele timutimu kinachungulia, kidole kikiwa kwenye paji la uso: samahani bwana, kuna jambo moja tu dogo linanisumbua. Mtuhumiwa anageuka, na tabasamu lake limepungua kidogo.

Huyo ni Columbo, luteni wa polisi wa Los Angeles, aliyeigizwa na Peter Falk kuanzia Prescription: Murder ya 1968 hadi 2003, filamu 69 kwa jumla. Lile koti la mvua lililokunjamana, analolivaa kwenye mji wenye jua kali, lilikuwa la Falk mwenyewe. Gari ni Peugeot 403 iliyochoka. Muuaji tunaonyeshwa tangu mwanzo, kwa hiyo hatuna haja ya kubahatisha ni nani. Kilichobaki ni kumtazama fundi akiwa kazini.

Waliosoma riwaya za Muhammed Said Abdulla wanamkumbuka mpelelezi Bwana Msa wa Unguja, na kiko chake, akimfafanulia rafiki yake Najum mambo ambayo Najum naye aliyaona lakini hakuyatia maanani. Bwana Msa, kama Sherlock Holmes aliyemtangulia, ni mwalimu. Columbo ni mwanafunzi, tena wa kila mtu: mpishi, mwanamuziki, mpiga picha, daktari, na hata muuaji mwenyewe. Wengi husema ujanja wake ni kujifanya mjinga. Sikubaliani nao. Kujifanya mjinga kunagundulika upesi. Ray Flemming, daktari wa magonjwa ya akili ambaye ndiye muuaji wa filamu ya kwanza, anamwambia wazi usoni kwamba mchezo wake ameshaujua. Ameujua, na bado anaendelea kujibu. Lazima kuna kitu kingine kinachomvuta.

Kitu hicho kinaonekana vizuri zaidi katika Any Old Port in a Storm ya 1973. Adrian Carsini, aliyechezwa na Donald Pleasence, ni mtengeneza mvinyo asiyependa chochote duniani kuliko mvinyo. Ndugu yake wa kwa baba anataka kuuza kiwanda. Carsini anampiga, anamfunga kamba na kumfungia kwenye ghala la chupa, anazima kiyoyozi, kisha anakwenda zake New York. Ndugu anakufa humo kwa kukosa hewa. Columbo hajui lolote kuhusu mvinyo. Anafanya nini? Anamtafuta mjuzi na kumuuliza kama anaweza kufundishwa yote kwa saa moja na nusu. Swali linachekesha, lakini analiuliza kwa dhati, na alichofundishwa anakishika. Baadaye anamkaribisha Carsini chakula cha jioni. Inaletwa chupa ya thamani, Carsini anaonja, na hapo hapo anafoka: mvinyo huu umeharibiwa na joto! Kumbe chupa imetoka kwenye ghala lake mwenyewe. Siku alizokuwa safarini kulikuwa na joto kali, na kiyoyozi alikizima yeye. Hakuna ulimi mwingine katika filamu ile ambao ungeweza kutoa ushahidi huo.

Tazama mtego ulivyotegwa. Luteni hakutumia udhaifu wa Carsini, ametumia kilicho bora kabisa ndani yake. Aliisoma kazi ya yule mtu kwa heshima mpaka akajua ni jambo gani hataweza kulinyamazia. Mwishoni, garini, anamtolea mvinyo aliouchagua mwenyewe, na Carsini anamsifu kwamba amejifunza vizuri. Columbo anaipokea sifa hiyo kama mtu aliyepewa cheti. Mimi naamini furaha ile ni ya kweli.

Ufundi wake wa pili ni jicho la kuona kisichofanyika. Flemming anarudi kutoka Acapulco, anafungua mlango wa nyumba yake, na hamwiti mkewe. Mume aliyetoka safari angepaza sauti, walau jina tu. Anayejua kuwa hakuna wa kuitika hupita kimya. Katika Murder by the Book, iliyoongozwa mwaka 1971 na kijana aitwaye Steven Spielberg, mwandishi Ken Franklin anasema ameikuta maiti ya mwenzake kwenye bustani ya nyumba yake. Halafu, wakati wa kuwasubiri polisi, amefungua barua zake. Columbo hapigi kelele wala hashutumu. Anasema tu kwamba jambo hilo halimkai akilini, na huenda bwana akamsaidia kulielewa.

Namna hiyo ya kuuliza ndiyo ya kuichukua nyumbani. Fundi gari akikuambia gia boksi imekufa, ukimwita mwongo umefunga mazungumzo, na gari bado liko juu ya mawe. Mwambie: fundi, hebu nionyeshe ilipoanzia, mimi sijui. Fundi mkweli atafurahi kukufundisha, na utaondoka unajua gari lako. Asiye mkweli itabidi aongeze maelezo, na kila maelezo ni kitu kipya cha kukagua. Kuuliza si ujinga, wazee walishasema, ila inabidi ukubali kuonekana mjinga kwa dakika kumi, na wengi wetu hatuko tayari kwa hilo, hasa mbele za watu. Na jibu likija, usilikatize. Columbo huacha kimya kirefu kipite huku akijipapasa mifukoni kutafuta penseli, na mwenzake, kwa kutopenda kimya, anakijaza.

Sisemi yote anayofanya ni ya kuiga. Hudanganya akiona inafaa, na huwasumbua watu kwenye chakula, kazini na hata mapumzikoni. Mtu akiwahoji hivyo watu wa nyumbani kwake atajikuta analala sebuleni. Hata hivyo, usidhani upole wake ni ukali uliojificha. Katika filamu hiyo ya Spielberg, anampeleka nyumbani mke wa marehemu, Joanna Ferris, anaingia jikoni na kumkaangia kimanda, akijisifu kwamba hajui kupika ila hicho tu. Anavunja mayai na kuzungumza naye taratibu. Mama yule amechanganyikiwa, na kabla ya kuulizwa lolote anatengewa chakula.

Hata ule mtindo wa kurudi mlangoni haukupangwa. Richard Levinson na William Link, waliomtunga, walikuwa wakiandika tamthilia kwa taipureta, wakagundua kwamba onyesho moja limekuwa fupi na luteni ameshatoka. Badala ya kuchapa ukurasa upya wakamrudisha kwa swali moja zaidi. Uvivu mdogo wa waandishi wawili ukawa alama ya maisha yake yote.

Ukibahatika kuipata ile filamu ya Carsini, itazame mara mbili. Mara ya kwanza mfuate muuaji. Mara ya pili mfuate luteni peke yake, na uangalie ni mara ngapi anafungua mdomo aseme, kisha anaghairi na kumwacha mwenzake amalize.