Kura Zilizoshindwa Bagamoyo Zilikwenda Wapi?

Mwaka 2015 CCM ilitwaa majimbo yote mawili ya wilaya ya Bagamoyo: Bagamoyo na Chalinze. Kwa utaratibu wetu anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye mbunge. Lakini kura za walioshindwa hazikuishia kituoni. Kila kura halali ya ubunge huingia pia kwenye kapu la taifa, na kutoka humo hugawiwa viti maalumu vya wanawake.

Mlango wa kapu hilo ni mwembamba. Ibara ya 78 ya Katiba inataka chama kifikishe angalau asilimia 5 ya kura za ubunge nchi nzima. Mwaka ule vilipita vitatu: CCM kwa takriban asilimia 55, CHADEMA 32, CUF karibu 9. Viti 110 vya mwanzo viligawanywa hivi: CCM 64, CHADEMA 36, CUF 10. ACT-Wazalendo, yenye asilimia 2 na ushei, na NCCR-Mageuzi, yenye 1.5, hazikupata kitu. Ondoa kizingiti, urudie hesabu: ACT inapata viti viwili, NCCR kimoja. Kwa chama chenye mbunge mmoja tu wa jimbo, kama vilivyokuwa vyote viwili, hiyo ni tofauti kubwa mno.

NCCR iliumia zaidi kwa sababu ya UKAWA, umoja wake na CHADEMA na CUF. Kuachiana majimbo kulikuwa busara dhidi ya CCM, ila mahali usipoweka mgombea huvuni hata kura moja ya kapu. Mdogo alilipia umoja zaidi kuliko mkubwa.

Lesotho walilitatua tatizo la kura zisizozaa viti. Mwaka 1998 chama cha BNP kilipata karibu robo ya kura na kiti kimoja kati ya 80. Mwaka 2002 mpigakura alipewa karatasi ya pili, ya chama, na viti 40 vya kufidia vikaongezwa. BNP ikapata 21.

Hapa kwetu, fidia ya namna hiyo peke yake isingeibeba CUF, maana majimbo yake zaidi ya 30, mengi ya Zanzibar, yalikaribia stahiki yake ya kura. Kwa vyama vidogo, ninachokitetea ni karatasi ya pili na kizingiti cha asilimia 1. Hapo chama kingeweza kumwachia mwenzake jimbo la Bagamoyo, na wafuasi wake wa kata za Dunda na Kiromo bado wakakipigia kura.