Altezza Yapata Macho Mapya, Jamani Njooni Muone!

Saa kumi na mbili jioni, Gerezani hapa Dar, boksi liko juu ya boneti na fundi bado anamalizia chai. Mimi nimeshindwa kusubiri. Nimebandua nailoni, nimeinua taa ya nyuma kulielekea jua linalozama, na moyo umenipiga paa! Plastiki ni angavu kama maji ya kisima, na ndani yake kuna pete mbili nyekundu za LED, moja ndani ya nyingine, zimekaa kwenye fremu nyeusi isiyo na hata alama ya gundi iliyomwagika.

Kwa Altezza, kubadilisha taa za nyuma ni kugusa sura yake yenyewe. Gari hili lilipotoka Japani mwaka 1998, likatwaa na tuzo ya Gari la Mwaka huko kwao, watu walishangaa vikombe vyekundu vya duara vikiwa vimekaa ndani ya lenzi isiyo na rangi. Nje ya Japani liliuzwa kwa jina la Lexus IS, na huko Marekani taa za mtindo huo, hata zikifungwa kwenye Honda Civic, huitwa taa za Altezza. Hebu fikiria, gari limeachia taa jina lake! Ndiyo maana nilikuja hapa na hofu kwamba nitaharibu kitu kizuri.

Hofu imekwisha fundi alipochomeka soketi.

"Bosi, kanyaga breki."

Nimekanyaga, na ukuta wa duka nyuma yangu umekuwa mwekundu papo hapo. Papo hapo! Waya wa balbu ya kawaida huhitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kupata moto. LED haina subira hiyo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, muda huo mdogo ni zaidi ya mita tano za barabara, na anayekufuata nyuma anazihitaji zote.

Indiketa ndiyo iliyotuchelewesha. Ilikuwa inapepesa mbio mbio kama ina homa, kwa sababu rilei ya zamani imezoea balbu ya wati 21, na ikiona LED inakula umeme kidogo inadhani balbu imeungua. Fundi ametoa rilei hiyo na kuweka ya LED, mambo yakatulia. Kuna wanaofunga rizista. Mimi sizipendi, zinapata moto sana karibu na plastiki.

Sasa za mbele, na hapa ndipo nilipochanganyikiwa kwa furaha! Ni za projekta. Tumelisogeza gari mbele ya ukuta, fundi akawasha, na mstari umechorwa pale kama kwa rula: chini mwanga mtupu, juu giza, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo kumulika ukingo wa barabara, wanakopita watembea kwa miguu na baiskeli zisizo na taa. Dereva anayekuja mbele yako hapigwi machoni. Kuchomeka balbu ya LED kwenye taa ya zamani ya kioo hakukupi mstari huu. Kioo kile kilipimwa kwa waya mwembamba uliokaa mahali pake hasa, ukibadilisha chanzo, mwanga unatawanyika ovyo.

Zipo pia za nyuma zilizotiwa rangi ya moshi. Zinapendeza gari likiwa limeegeshwa, basi. Mchana wa jua la Dar breki yake huioni, nami sizifungi hata nikipewa bure.

Zangu za nyuma tumezimwagia ndoo mbili za maji, tukafungua buti: kavu kabisa.

Ukienda kutafuta zako, geuza lenzi ya mbele uisome kabla ya kutoa hela. Kwenye taa zenye herufi E ndani ya duara, tafuta mshale. Ukiwa umeikabili taa, mshale wa kuelekea kulia kwako unamaanisha imetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto kama yetu. Wenye ncha mbili unafaa pande zote. Isiyo na mshale ni ya wanaoendesha kulia, na hata iwe nzuri vipi, irudishe kwenye boksi lake.