Lawama ya Rosa: Freud, Horney na Msukumo wa Mhusika wa Kike

Mhakiki anayeiendea riwaya kwa nadharia ya saikolojia hana budi kwanza kuuliza nadharia hiyo ilizaliwa wapi, na katika kinywa cha nani. Aghalabu swali hili hurukwa. Istilahi za Sigmund Freud huvikwa mhusika wa kike kana kwamba ni vipimo vya maabara, ilhali zilikwisha kutiliwa shaka na watu wa taaluma yake mwenyewe. Makala haya yanadai kwamba ubishi huo wa awali unamfaa msomaji wa *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi kuliko istilahi zenyewe.

Mwaka 1923 Freud aliigawa nafsi katika sehemu tatu: matamanio yasiyojua sheria, nafsi inayokabiliana na ulimwengu, na sauti ya ndani inayoonya na kuadhibu. Miaka miwili baadaye alishikilia kwamba mtoto wa kike, agunduapo tofauti ya maumbile, huingiwa na wivu kwa kukosa uume, na kwamba kwa sababu hiyo ile sauti ya ndani haimkomai kama inavyomkomaa mwanamume. Yaani, hulka ya mwanamke ilianzia katika upungufu. Mwaka 1926 aliyafananisha maisha ya kimapenzi ya mwanamke na bara la giza. Msomaji wa Kiafrika anaitambua mara moja lugha hiyo. Ni lugha ya wasafiri wa karne ya 19, walioliita giza lile wasilolijua wao.

Alfred Adler, aliyefarakana na Freud mwaka 1911, aliutafuta msukumo wa binadamu katika hisia za udhalili na jitihada ya kuzishinda. Kwake, mwanamke anayeikataa nafasi yake haulilii uume, bali hadhi ambayo jamii imempa mwanamume. Karen Horney alikwenda mbali zaidi. Katika makala aliyoyaandika Berlin mwaka huohuo wa 1926, alionyesha kwamba picha ya mwanamke iliyochorwa na wanasaikolojia inalingana karibu kabisa na fikra za mvulana mdogo kuhusu msichana. Akauliza pia kwa nini hakuna aliyechunguza wivu wa mwanamume mbele ya uwezo wa kubeba mimba na kuzaa. Mwaka 1937, akiwa Marekani, alifafanua jinsi malezi yasiyo na upendo yanavyopanda hofu ya kudumu katika mtoto, na jinsi mtu wa namna hiyo anavyoweza kutafuta kupendwa kwa pupa isiyotosheka.

Turudi kwa Rosa. Zakaria, baba mlevi, anampiga bintiye kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakwenda shuleni akiwa amefundishwa jambo moja tu kuhusu wanaume: kuwaogopa. Hofu hiyo inapovunjika, hakuna kingine ndani yake cha kumwongoza. Mhakiki wa Kifreudi ataona hapa matamanio yaliyozuiwa kisha yakafurika. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanakomea mlangoni. Hayaulizi ni nani aliyejenga ukuta, wala kwa nini ulijengwa kwa fimbo. Zaidi ya hayo, dai la kwamba dhamira ya mwanamke ni dhaifu kwa maumbile linamwondolea Zakaria lawama yote. Bila kukusudia, mhakiki anakuwa wakili wake.

Horney anatuwezesha kuona kwamba anachokitafuta Rosa katika wanaume wengi huenda si anasa, bali kukubaliwa ambako hakukupata nyumbani. Ndiyo maana Charles anapomkataa kwa sababu si bikira, pigo hilo linamwua. Si uchumba tu uliovunjika. Hukumu ya baba imerudi katika kinywa cha mpenzi, na sauti iliyokuwa nje sasa inasema ndani yake. Rosa anajiua kwa mkono wake, lakini kwa kipimo cha ubikira ambacho hakukitunga yeye.

Hata hivyo, hatari ya pili ipo. Nadharia ya malezi ikivutwa kupita kiasi, humgeuza Rosa kuwa udongo uliofinyangwa, asiye na hiari wala wajibu. Riwaya haikubali urahisi huo. Mwishoni inawafikisha baba na binti mbele ya Mungu, na hapo suala la lawama linajadiliwa waziwazi. Kezilahabi anajua kwamba malezi huelekeza, lakini pia kwamba mtu hutenda.

Basi, funzo la ubishi wa 1926 kwa uhakiki wa Kiswahili ni la kimaadili kabla ya kuwa la kinadharia. Kueleza msukumo wa mhusika ni kugawa lawama. Mwanafunzi anayefundishwa kumwona Rosa kama msichana aliyeshindwa na mwili wake anafundishwa pia namna ya kumwona dada yake. Nadharia inayochaguliwa darasani haina budi kuhojiwa kwa ukali uleule anaohojiwa nao Rosa.