Uji, Kimea na Tumbo la Njiti

Mtoto njiti akishatoka wodini, ushauri wa kwanza anaoletewa mama nyumbani huwa ni uji. "Katoto kenyewe kiganja tu, mpe uji apate nguvu." Basi na tuupime uji huo.

Unga wa nafaka una takribani kilokalori 350 kwa gramu 100. Uji mwepesi, ule ambao mtoto anaumeza bila taabu, huwa na gramu 5 hivi za unga katika mililita 100: kilokalori 18 tu. Maziwa ya mama, kwa ujazo uleule, yana 65 hadi 70. Tumbo la njiti ni dogo, kwa hiyo kila kijiko cha uji huo kinachukua nafasi ya maziwa yenye nguvu karibu mara nne. Ukitia unga gramu 20, hesabu inakaa sawa, ila hapo umeshasonga ugali. Wanga ukichemka hunywa maji ukavimba, na mtoto anayechoka haraka hawezi kuumeza.

Jibu lilikuwa kwenye chungu cha togwa. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha kazi yao kuhusu chakula cha kulikiza chenye unga wa nafaka zilizooteshwa. Walipima kitu ambacho wapika togwa, na wapika pombe pia, walikuwa wakikiona kila siku: uji mzito ukitiwa kimea, yaani unga huo, hulegea. Mbegu inapochipua hutengeneza kimeng'enya cha amilesi, nacho hukatakata minyororo ya wanga. Unga haupungui wala maji hayaongezwi.

Ulezi hulowekwa, ukaoteshwa siku mbili tatu, ukaanikwa na kusagwa. Mtama nao hufaa, lakini machipukizi na mizizi yake hutoa sumu ya sayanaidi, lazima visuguliwe na kupepetwa vyote. Mimi ningebaki na ulezi. Uji hupikwa mzito, ukaepuliwa na kuachwa upoe kiasi, ndipo hukorogewa kijiko cha kimea. Wengi huharibu hapa: wanatia kimea uji ukiwa bado unatokota, joto linaua kimeng'enya, halafu wanasema kimea ni uongo. Ukishalegea, urudishwe motoni uchemke tena, maana unyevu wa kuotesha hukuza vijidudu pia.

Lini sasa? Aliyezaliwa wiki ya 32 aliwahi kwa wiki 8. Kadi ya kliniki ikisoma miezi 6, mwili wake una miezi minne na kitu. Kabla ya miezi hiyo 6 ni maziwa tu, na hata ikitimia atazamwe mwenyewe: shingo imekaza? Anakaa akiegemezwa? Ulimi umeacha kusukuma kijiko nje?

Madini ya chuma ni hesabu nyingine. Mtoto huyaweka akiba zaidi katika miezi mitatu ya mwisho tumboni, miezi ambayo njiti hakuimaliza. Kimea hakizibi pengo hilo. Matone ya chuma aliyoandikiwa kliniki yanaendelea, uji uwepo usiwepo.