Kiwavi, Handa na Sahani ya Chekechea

Siku hizi kitabu cha picha hakisomwi tu, kinaliwa. Baadhi ya chekechea za hapa mjini zimeuiga mtindo huo: mwalimu anasoma hadithi, kisha meza inapangwa vyakula vilivyotajwa humo, watoto wanabandika, wanapaka rangi, wanakula. Sina ugomvi na chakula, nani ana ugomvi nacho? Ninachouliza kama msomaji ni hiki: kilichopo sahanini kimetoka ndani ya hadithi, au kwenye orodha ya manunuzi?

Tuanze na mfalme wa meza hizo, The Very Hungry Caterpillar cha Eric Carle, kilichotoka 1969. Kiwavi anakula tofaa moja Jumatatu, peasi mbili Jumanne, anaongeza hivyo mpaka machungwa matano Ijumaa. Jumamosi adabu inamtoka: keki, aiskrimu, soseji, jibini, vyote siku moja. Usiku tumbo linamsokota. Jumapili anakula jani moja bichi, anapata nafuu.

Sasa tazama hizo meza. Zimejaa Jumamosi tupu! Yaani kilichomuumiza kiwavi ndicho tumekifanya karamu, na jani lililomponya halionekani, wakati fungu la mchicha Kariakoo ni rahisi kuliko hivyo vyote.

Mwaka jana dada yangu alitumiwa ujumbe wa WhatsApp na chekechea ya mwanawe: kila mzazi alete stroberi, soseji na jibini kwa ajili ya "Siku ya Kiwavi". Mama mmoja, anayekaanga maandazi alfajiri, alimfungia mwanawe alichokuwa nacho, maandazi mawili na chungwa. Chungwa likapokelewa. Maandazi yakarudishwa mkobani, eti hayamo kwenye hadithi.

Jamani, yamo. Kile ni kitabu cha kiumbe mdogo mwenye njaa anayekula anachokikuta. Matundu aliyoyatoboa Carle kwenye kurasa hayana habari na aina ya tunda, yanasubiri kidole cha mtoto kipite. Na kwa kutobolewa kwa kidole, andazi la moto linaishinda jibini mchana kweupe.

Handa's Surprise cha Eileen Browne (1994) ni kesi nyingine. Handa, msichana wa Kijaluo huko Kenya, anabeba kichwani kapu la matunda saba kumpelekea rafiki yake Akeyo: ndizi, pera, chungwa, embe, nanasi, parachichi, pasheni. Wanyama wanayachukua moja moja, yeye hana habari. Uingereza walimu hukitumia kuwaonjesha watoto matunda, na kule naelewa, pasheni ni mgeni. Lakini mtoto wa Kariakoo anapishana na mikokoteni ya mananasi kila asubuhi. Kumwonjesha embe kwa jina la fasihi ni kumpelekea samaki maji.

Utamu wa kitabu hiki uko kwingine. Maneno yanasema hili, picha inasema lile. Handa anawaza Akeyo atapenda tunda gani, huku nyuma nyani ameshaondoka na ndizi, na watoto wanaosikiliza wanapiga kelele kumwonya. Basi mvisheni mmoja kapu kichwani, wenzake wanyofoe kimyakimya, naye asigeuke. Matunda yakiwa ya karatasi hakiharibiki kitu. Na msimsahau mbuzi mwishoni, anayeugonga mchenza kapu likajaa upya. Huyo ndiye mtoto mtundu wa darasa, mpeni kazi.

Nyumbani tunaye John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, anayechora kwa mkono uliolelewa na Tingatinga. Katika Fresh Fish mbwa anaiba samaki. Chekechea iliyo jirani na Magogoni inakata samaki wa karatasi ya nini? Soko la Feri lipo pale, watoto wakaone kibua na changu, na paka anayevizia chini ya meza.

Lakini nikipewa kimoja tu nachukua The Amazing Tree. Ukame umeingia, wanyama wana njaa, na mti umejaa matunda yasiyoanguka mpaka utajwe kwa jina lake. Kobe analijua. Wakubwa wanakwenda kuuliza, wanarudi wamelisahau njiani. Sungura ndiye anayefika nalo. Hapa huwezi kutenga chakula na hadithi hata ukitaka.

Nimekijaribu barazani kwa watoto sita, nikikitafsiri papo hapo. Bakuli la ubuyu limefunikwa, kobe amekaa mlangoni, ananong'ona jina refu, na anayetumwa anaruka viti viwili kabla ya kulitamka. Akisahau, hakuna anayekula. Watatu walisahau. Wa nne, mdogo wa wote, alifika nalo ila "r" zote zimegeuka "l". Ukazuka ubishi mkali kama mti ungemwelewa au la. Walipogeuka kuniuliza mimi, bakuli lilikuwa limeshafunuliwa na ubuyu umefika nusu.