Kimeza cha miguu mitatu na siri ya mcheri

Pindua kimeza cha mshumaa kilichoundwa Mount Lebanon, jimbo la New York, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Chini ya nguzo yake mara nyingi utakuta kibati cha chuma kilichopigiliwa misumari, kimoja tu, chenye mikono mitatu iliyoelekea kwenye miguu mitatu. Mafundi wake walikuwa Shaker, Wakristo walioishi kijumuiya na kukataa mapambo. Mbao ni mcheri mweusi wa Marekani, *Prunus serotina*.

Kibati hicho si urembo. Kila mguu una ulimi unaopanuka kuelekea ndani, nao husukumwa kutoka chini hadi ukabana ndani ya mfuo uliochimbwa kwenye nguzo. Mtu akiegemea uso wa meza, miguu hutaka kutanuka. Nyuzi za nguzo zinakwenda wima, na kati ya mfuo na mfuo imebaki mbao kidogo tu, kwa hiyo hapo ndipo nguzo ingepasuka. Fundi mwingine angeinenepesha nguzo. Shaker aliiacha nyembamba, mzigo akauachia chuma.

Ulimi mwembamba namna hiyo unahitaji mbao yenye chembe laini, isiyomeguka patasi inapopita. Mcheri una sifa hiyo, na hukerezwa vizuri mno. Unachochukia ni msumeno butu: ukisitasita kidogo tu, mbao huungua na kuacha alama nyeusi ambayo msasa huitoa kwa shida.

Sifa nyingine ni utulivu. Ukikaushwa kutoka ubichi hadi ukavu kabisa, mcheri husinyaa takriban asilimia 7.1 kwa kufuata duara la miaka, na 3.7 kwa kuelekea kiini. Mwaloni mweupe husinyaa 10.5 na 5.6. Chukua uso wa sentimita 45 uliopasuliwa bapa, unyevu wake upande kutoka asilimia 6 hadi 12 kati ya kipupwe chenye moto ndani na kiangazi chenye mvuke: mcheri utatanuka kama milimita 7, mwaloni karibu 10. Seremala wa Tabora anayeusifu mninga kwa kutocheza baada ya kukauka ataielewa hesabu hii bila kufundishwa.

Rangi ndiyo inayowachanganya wanunuzi. Mbao mpya ya mcheri ni ya waridi iliyopauka, na wengine huiona kama imekosa kitu. Mwanga huibadilisha kuwa kahawia nyekundu, tena kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Acha chombo cha maua juu ya meza mpya kwa wiki kadhaa, ukikiondoa utakuta duara lililopauka. Viwanda vingi huharakisha mambo kwa kupaka rangi, na matokeo yake mara nyingi ni mabakamabaka, kwa kuwa mcheri hunywa rangi bila usawa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, huko ni kulipia kitu ambacho dirisha linatoa bure. Mafuta ya kitani na subira vinatosha. Ila sehemu ya nje ya gogo, iliyo karibu na gome, haiwi nyekundu kama kiini, na fundi makini huikata au huificha upande wa chini.

Mcheri unaosifiwa zaidi leo hutoka nyanda za Allegheny, kaskazini-magharibi mwa Pennsylvania. Misitu ya huko ilifyekwa karibu yote mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na mcheri, mti usiopenda kivuli, ukajaza nafasi iliyoachwa wazi. Jamaa yake wa Afrika, *Prunus africana* wa Kilimanjaro na Mlima Kenya, ameandamwa kwa sababu nyingine: gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume.

Kwa ugumu, mcheri si shujaa. Katika kipimo cha Janka hupata takriban nyutoni 4,200, wakati mepo ngumu hufikia 6,400 hivi, na kijiko kizito kikianguka juu yake huacha mbonyeo. Shaker walilijua hilo kwa mikono yao: meza na makabati walitumia mcheri kwa wingi, lakini nguzo za viti, zinazoburutwa na kuegemewa kila siku, kwa kawaida walizikereza kwa mepo.